Mtoto halali mchana, nyonyo ikidondoka anaamka: mwongozo kamili

Malalamiko yanayotufikia ni yaleyale. Mtoto wa miezi 4 au 5 analazwa, dakika 30 baadaye nyonyo, ile chuchu ya mpira au silikoni isiyotoa maziwa, inadondoka, anaamka analia. Anarudishiwa, anasinzia dakika 10, inadondoka tena. Ikifika alasiri mama mgongo umemkatika na mtoto ana hasira ya usingizi. Kinachofuata ni kwenda dukani kununua nyonyo nyingine, ya bei kubwa zaidi, na hali inabaki kama ilivyokuwa.

Haibadiliki kwa sababu nyonyo inaweza kumwingiza mtoto usingizini, lakini haiwezi kumshikilia humo. Kinachomshikilia ni saa aliyolazwa, mahali alipolala, na namna alivyosinzia. Kwa hiyo tutaanza na hayo, kisha tutaishughulikia nyonyo yenyewe. Ukiruka hatua za mwanzo ukaenda moja kwa moja kwenye nyonyo, utashindwa kama mara zilizopita.

Mwongozo huu ni wa watoto wa mwezi 1 hadi mwaka 1.

## Vitu vya kuandaa

- Nyonyo 2 zinazofanana kabisa, za ukubwa wa umri wake. Umri huandikwa kwenye pakiti.
- Sufuria ndogo ya kuchemshia, isiyopikiwa kitu kingine, na bakuli safi lenye kifuniko.
- Godoro dogo, gumu na bapa, na shuka linalolibana vizuri.
- Chandarua.
- Pazia zito, au kanga mbili za rangi nzito za kutundika dirishani.
- Mbeleko.
- Daftari, kalamu na saa.

Zaidi ya hayo, tafuta siku 10 hivi zisizo na safari wala msiba wala harusi ya kuhudhuria na mtoto. Ukivunja utaratibu siku ya 4, unaanza upya.

Usinunue mto wa mtoto wala mnyororo wa kuning'iniza nyonyo shingoni. Dawa ya tumbo ya kumnyweshea ili alale haihitajiki pia: kabla ya miezi 6 mtoto anatakiwa maziwa peke yake, na hata maji hapewi.

## Hatua ya 1: Hakikisha mtoto yuko tayari

Kama bado ananyonya ziwa na hajafikisha wiki 4, weka nyonyo pembeni. Wiki hizo ndizo maziwa ya mama yanajipanga kwa kadiri mtoto anavyonyonya, na mtoto anajifunza kulishika ziwa vizuri. Akitulizwa kwa mpira kila anapolia, ananyonya mara chache zaidi, na maziwa yanapungua. Ndiyo maana wauguzi wa kliniki hukemea nyonyo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani, katika zile hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji, inataka mama aelezwe athari za chupa na nyonyo, na wauguzi wako sahihi kumwambia.

Upande wa pili, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto apewe nyonyo wakati wa kulala, unyonyeshaji ukishakaa sawa, kwa kuwa matumizi hayo yanahusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Mashauri haya mawili hayapingani. Yanatofautiana kwa wakati: kwanza ziwa likae sawa, nyonyo ifuate.

Kabla ya kuendelea, angalia mambo matatu:

- Uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki.
- Analowanisha nepi 6 au zaidi kwa saa 24.
- Hana homa, hakohoi, pua haijaziba. Mwenye pua iliyoziba hawezi kunyonya nyonyo na kupumua kwa pamoja, ataitema na kulia.

Moja likikosekana, acha mpango wa usingizi, mpeleke kliniki kwanza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati naye aanze baada ya kuzungumza na muuguzi au daktari wake.

## Hatua ya 2: Kagua na andaa nyonyo

Nyonyo salama ni ya kipande kimoja, au vipande vilivyoungana kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha kwa mkono. Kile kisahani cha nje kiwe kipana kuliko mdomo wa mtoto, angalau sentimita 4, na kiwe na matundu ya hewa. Kisahani kidogo kinaweza kuingia chote mdomoni, na hapo mtoto anakabwa.

Chemsha. Kabla ya matumizi ya kwanza, izame yote kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5. Toa kwa kijiko safi, acha ipoe, kisha ibinye chuchu maji ya ndani yatoke. Maji ya moto hujificha humo, na mtoto anaweza kuungua ulimi ilhali nje imeshapoa. Mpaka afikishe miezi 6, chemsha kila siku. Baada ya hapo, maji safi na sabuni vinatosha, suuza vizuri.

Vuta. Kila asubuhi ivute chuchu kwa nguvu pande zote na uielekeze kwenye mwanga. Ukiona ufa, tundu, kunata, au imebadilika rangi, itupe. Ya mpira wa njano huharibika haraka kuliko ya silikoni, hasa ikianikwa juani. Hata isipoonyesha kasoro, usiipitishe miezi 2.

Isipakwe asali. Chini ya mwaka 1 asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, hata ya kupumulia, na hili halitegemei ubora wa asali wala ilikotoka. Sukari nayo inaozesha meno tangu yanapochomoza. Na ikidondoka sakafuni usiisafishe kwa kuilamba: unamhamishia mtoto bakteria wa kuozesha meno walio mdomoni mwako. Chukua ile ya pili, ndiyo sababu tumesema 2.

## Hatua ya 3: Andika siku 3 bila kubadilisha kitu

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayofichua tatizo. Kwa siku 3 andika tu: saa aliyoamka, saa aliyonyonya, saa aliyolala, alisinzia wapi (ziwani, mgongoni, kitandani, na nyonyo au bila), na saa aliyoamka tena.

Kisha tazama kitu kimoja: muda aliokaa macho kabla ya kila usingizi. Mara nyingi utakuta mtoto wa miezi 4 anakaa macho saa 3 kwa sababu "hakuonyesha usingizi". Mtoto aliyepitiliza huchangamka, anarusha miguu, anacheka kwa sauti ya juu, kisha ghafla analia bila kutulizika. Ule uchangamfu ni uchovu. Mwili wake umeshapandisha homoni za kumweka macho, na hizo ndizo zitakazomwamsha dakika 30 baada ya kulala, iwe nyonyo ipo au haipo.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kumlaza mapema mno. Utalijua kwa sababu hana hasira, anacheza na nyonyo, anaitoa na kuitazama.

## Hatua ya 4: Weka muda wa kukaa macho

Hesabu tangu alipofungua macho, na muda wa kunyonya umo ndani yake.

- Mwezi 1: dakika 45 hadi 60.
- Miezi 2 hadi 3: dakika 60 hadi 90.
- Miezi 4 hadi 5: saa 1 na nusu hadi saa 2 na robo.
- Miezi 6 hadi 7: saa 2 hadi 3.
- Miezi 8 hadi 10: saa 2 na nusu hadi 3 na nusu.
- Miezi 11 hadi 12: saa 3 hadi 4.

Hivi ni viwango vya kuanzia, mtoto wako anaweza kupungua au kuzidi kwa dakika 15. Muda wa kwanza wa asubuhi ndio mfupi kuliko yote, wa mwisho wa jioni ndio mrefu.

Anza kumwandaa dakika 10 kabla muda haujaisha, na tafuta dalili za mapema: anaacha kukutazama, anatumbulia macho ukutani, nyusi zinakuwa nyekundu, anafikicha macho. Kulia na kujikunja mgongo ni dalili za kuchelewa.

Mfano wa siku ya mtoto wa miezi 5: anaamka saa 12:30 asubuhi. Usingizi wa kwanza saa 2:15 hadi 3:30. Wa pili saa 5:30 hadi 7:00 mchana. Wa tatu saa 9:15 hadi 10:30 alasiri. Usingizi wa usiku saa 1:00. Jumla yake ni saa 15 na nusu, na Shirika la Afya Duniani linataja saa 12 hadi 16 kwa siku kwa watoto wa miezi 4 hadi 11, usingizi wa mchana ukiwemo. Usilazimishe dakika zifanane na mfano. Linda muda wa kukaa macho, saa zitajipanga zenyewe.

Kwa umri huu asilale kupita saa 11 jioni, la sivyo usiku atachelewa kulala.

## Hatua ya 5: Andaa mahali

Mtoto alale chali, kila mara, mchana kama usiku. Godoro gumu na bapa, hakuna mto, hakuna blanketi zito, hakuna midoli. Akianza kujigeuza mwenyewe, mlaze chali na umwache achague. Kama ulikuwa unamfunga kwa shuka mikono ikiwa ndani, acha siku ile ya kwanza unapoona anajaribu kujigeuza, kwa kuwa akiangukia tumbo na mikono imefungwa hawezi kujiokoa.

Nyumba isiyo na kitanda cha mtoto haijakosa kitu. Godoro dogo gumu juu ya mkeka, sakafuni, mbali na nyaya na jiko, ni salama kuliko kitanda kikubwa cha wazazi chenye mito, ambako ataviringika na kuanguka au kukwama ukutani. Kochi ndilo mahali pabaya kuliko pote. Usimwache hapo hata dakika 5.

Chandarua mchana pia. Mbu wa malaria huuma usiku, lakini yule wa homa ya dengi huuma mchana, na miji kama Dar es Salaam na Mombasa imeshaipata milipuko yake. Kichomeke chini ya godoro kikiwa kimekazwa, kisilegee kikamfunika uso.

Giza. Kuanzia miezi 3 au 4 mwanga unamvuta macho. Tundika kanga hadi ushindwe kusoma daftari vizuri ukiwa umekaa. Usifunike kitanda wala chandarua kwa kanga, hewa inazuiwa na joto linapanda ndani.

Joto. Pwani, mwezi Januari, nepi na fulana nyepesi vinatosha. Arusha au Nairobi mwezi Julai mwongeze nguo moja kuliko unayovaa wewe. Gusa shingo kwa nyuma au kifua: pakiwa na jasho, punguza nguo. Mikono na miguu hudanganya, huwa baridi hata mtoto akiwa na joto. Feni iwake, ipepee ukuta, isimpige usoni. Mngurumo wake una faida ya pili: unafunika kelele za bodaboda na vyombo vya jikoni.

## Hatua ya 6: Mlaze kwa mpangilio uleule

Dakika 10, mambo yaleyale, kwa kufuatana. Mtoto hajui saa, anajua kinachofuata nini.

1. Badilisha nepi.
2. Funga pazia, washa feni.
3. Kama ni wakati wa kunyonya, mnyonyeshe mpaka atosheke, mcheulishe. Akianza kufumba macho ziwani, mtoe.
4. Mbebe begani, imba wimbo mmoja, uleule kila mara, dakika 2 au 3.
5. Gusa mdomo wake wa chini kwa ncha ya nyonyo, subiri aivute mwenyewe.
6. Mshushe akiwa mlegevu lakini macho hayajafunga kabisa. Makalio kwanza, mgongo, kichwa mwisho. Acha mkono wako kifuani pake dakika 1.

Jambo la 5 lina sababu yake. Nyonyo iliyosukumwa mdomoni humfanya atapike au ajifunze kuikataa. Akiitema mara 2, achana nayo kwa usingizi huo. Kuna watoto wasioitaka kabisa, nao hulala.

Usimpe nyonyo badala ya chakula. Kama ni saa 2 au zaidi tangu anyonye na anageuza kichwa akitafuta, au anakula ngumi, mpe ziwa. Mtoto mwenye njaa ataitumia nyonyo dakika 20, kisha ataamka akilia vibaya zaidi.

Anza na usingizi wa kwanza wa asubuhi peke yake. Ndio mwepesi kuliko wote. Usingizi wa mwisho wa alasiri ndio mgumu, huo mbebe mgongoni bila kujilaumu. Usingizi wa kwenye mbeleko ni usingizi kamili, mradi mtoto ameshakaza shingo, uso wake umegeukia pembeni na haujafunikwa, na kidevu hakijalalia kifua. Usipike jikoni ukiwa naye mgongoni.

Dalili ya mafanikio: anasinzia ndani ya dakika 15. Ikifika 20 na bado anahangaika, mtoe, mpe mwanga na mchezo wa utulivu dakika 15, rudia. Kubembeleza saa nzima kunawachosha wote wawili, na kunamfundisha kwamba kitanda ni mahali pa kugombana.

## Hatua ya 7: Nyonyo inapodondoka

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Mtoto akizama usingizini, taya hulegea na nyonyo hudondoka. Ni jambo la kawaida kabisa. Kama amelala, usimrudishie. Hata wale madaktari wanaoishauri kwa ajili ya usalama hawasemi irudishwe. Mama anayekaa kando ya kitanda akiirudisha kila inapotoka anamzoesha mtoto kuwa na kitu mdomoni katika kila dakika ya usingizi.

Usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko, kila mmoja chini ya saa 1. Mwisho wa mzunguko anapanda karibu na macho, anajinyoosha, anakagua kama kila kitu kipo kama alipolala. Alisinzia akinyonya, sasa mdomo ni mtupu: anaamka kabisa na kudai. Alisinzia mdomo ukiwa mtupu: anageuza shingo na kuendelea. Kazi yetu, basi, ni kuiondoa nyonyo kabla hajalala kabisa.

### Chini ya miezi 7: itoe mapema kidogo kila siku

Siku ya 1 hadi ya 3: mwache anyonye mpaka kasi ishuke, yaani anyonye mara 2 au 3, atulie, anyonye tena. Ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo kuvunja mvuto, itoe, na kwa kidole sukuma kidevu juu kidogo mdomo ufunge. Papasa paja au kifua kwa mdundo wa polepole.

Akianza kuitafuta kwa ulimi bila kulia, subiri, mara nyingi inapita baada ya sekunde chache. Akilia, mrudishie, ngoja kasi ishuke tena, itoe. Siku ya kwanza unaweza kurudia mara 5 au 6 na kuona hakuna maana. Ipo. Usimwachie alale nayo kwa kuchoka, maana somo atakalolishika ni kwamba akilia zaidi anaipata.

Siku ya 4 hadi ya 6: itoe kasi inapoanza tu kushuka. Siku ya 7 na kuendelea: itoe macho yakiwa bado yanapepesa. Mkono wako kifuani unachukua nafasi ya nyonyo, kisha nao unauondoa kidogokidogo.

### Miezi 7 au 8 na kuendelea: mfundishe kuiokota

Umri huu mikono inaweza. Mchana, akiwa macho na mwenye furaha, iweke mbele yake, ongoza mkono wake mpaka aishike na kuifikisha mdomoni. Fanya mchezo huu mara kadhaa kwa siku. Wakati wa kulala, weka nyonyo 2 godoroni upande wa mkono anaoutumia zaidi. Akiamka akiidai, usimtie mdomoni, mpeleke mkono kwenye nyonyo. Wengi huishika kazi hii ndani ya wiki 1 au 2.

Hakuna kamba, utepe wala pini ya kuifunga kwenye nguo wakati wa kulala. Kamba humkaba.

### Kuiacha kabisa

Kama kila usingizi unavunjika mara 4 au 5 kwa ajili yake, na njia ya kwanza umeifuata siku 10 kamili bila nafuu, iondoe yote, mchana na usiku kwa pamoja. Siku 3 za mwanzo ni ngumu, atahitaji kubebwa na kupapaswa sana. Usiirudishe siku ya 2 usiku. Baada ya miezi 6 kuna faida ya ziada katika kuipunguza: matumizi ya muda mrefu yanahusishwa na maambukizi ya sikio la kati.

## Hatua ya 8: Refusha usingizi wa dakika 30

Fanya hatua hii baada ya kusinzia kukaa sawa, kwa watoto wa miezi 4 na kuendelea. Kabla ya umri huo usingizi mfupi ni wa kawaida, uache.

Angalia daftari ujue anaamka dakika ya ngapi. Kama ni ya 35, uwe kando yake dakika ya 30. Anapoanza kujinyoosha, weka mkono kifuani, mzito kiasi, bila kusema neno. Sauti ndogondogo, miguno, hata kilio kifupi na macho yamefumba, si kuamka. Subiri dakika 2. Watoto wengi huamshwa na mtu aliyekimbilia kuwanyamazisha.

Akifungua macho kabisa, mpapase dakika 10. Asiporudi, mtoe, na ufupishe muda wa kukaa macho unaofuata kwa dakika 15 hivi.

## Hatua ya 9: Wote wanaomlaza wafanye sawa

Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na Kenya ni miezi 3. Maana yake, mtoto anapofika umri ambao usingizi wa mchana unajipanga, anayemlaza ni dada wa kazi au bibi. Kazi yako ya siku 10 inaweza kufutika Jumatatu moja.

Bandika ukutani karatasi yenye mistari michache: muda wa kukaa macho, yale mambo 6 ya hatua ya 6, na "akilala, nyonyo isirudishwe". Mfanye dada alaze ukiwa unatazama, siku 2 kabla ya kurudi kazini. Kwa bibi, anza kwa kumuuliza yeye alikuwa akilaza vipi. Utapata nyimbo na mbinu nzuri za kubembeleza, na itakuwa rahisi kumweleza, kwa heshima, lile la asali na la kulaza kifudifudi.

Mwambie kila mmoja waziwazi: dawa ya mafua, ya kikohozi au ya mzio haitumiki kumlaza mtoto. Zile zinazolevya zinaweza kuzuia kupumua, na promethazini haipewi kabisa aliye chini ya miaka 2. Mtoto anayelala saa 4 mfululizo kila mchana ukiwa kazini, na anaamka amelegea, ni wa kuulizia siku hiyohiyo.

## Yanayokwamisha

Alilala vizuri wiki 2, sasa ameharibika. Angalia umri. Mara nyingi anahitaji muda mrefu zaidi wa kukaa macho, au yuko tayari kupunguza usingizi mmoja: kutoka 3 hadi 2 karibu na miezi 7 hadi 9, kutoka 2 hadi 1 karibu na miezi 15 hadi 18. Ongeza dakika 10 hadi 15, kaa nazo siku 3, tazama.

Anasinzia ziwani kila mara. Sogeza kunyonya kuwe mara tu anapoamka, nusu saa au zaidi kabla ya kulala.

Utando mweupe ulimi na mashavu ya ndani, usiofutika kwa kitambaa. Ni fangasi. Mama na mtoto watibiwe pamoja, nyonyo zichemshwe kila siku, na dawa ikiisha nunua mpya.

Vipele na wekundu kuzunguka mdomo. Mate yanakwama chini ya kisahani. Mkaushe, punguza muda wa nyonyo. Kama ni ya mpira wa njano na vipele haviishi, jaribu silikoni.

Nyonyo kutwa nzima. Akiwa macho itunzwe kwenye bakuli lake. Mdomo uliozibwa haubwabwaji, na kubwabwaja ndiko anakojifunzia kusema.

## Baada ya siku 10 utaona nini

Kwa mtoto wa miezi 5: vipindi 3 vya usingizi, angalau kimoja kinapita saa 1, kusinzia ndani ya dakika 15, nyonyo ikidondoka halii, au analia mara moja tu kwa siku. Anaamka akitabasamu au akijiongelesha. Nepi bado ni 6 au zaidi, uzito unapanda. Kimoja kikibaki kifupi kwa wiki kadhaa zaidi, hakuna kasoro.

Akifika mwaka 1, nyonyo iwe ya kitandani tu, na kabla ya miaka 3 iwe imekwisha, kwa ajili ya meno na taya. Wakati huo ukifika, usiipake pilipili wala shubiri, na usiikate ncha, kipande kikichomoka kinaweza kumkaba.

## Acha mpango, nenda hospitali

Mpeleke mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 3;
- kulala kusiko kwa kawaida, yaani haamki vizuri hata ukimgusa au kumvua nguo;
- kukataa kunyonya, au kutapika kila anachonyonya;
- degedege;
- utosi kuvimba au kubonyea;
- kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, au kifua kuzama chini ya mbavu anapovuta hewa.

Hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika 1 kamili ukitazama saa, ukiwa umefunua tumbo na kifua. Usitumie nyonyo kumnyamazisha njiani ili aonekane mzima mbele ya daktari. Kilio chake ni sehemu ya maelezo.